Mashindano ya farasi Marekani: nani ni mpanda wa ridhaa na nani ni wa kulipwa? Naomba ufafanuzi

#1 Binti_Rufiji
Habari za jioni wakuu. Nipo Virginia, nafanya kazi kwenye zizi linalolea farasi wa watu. Asubuhi natoa mbolea, nalisha, nabadilisha maji, napiga brashi. Wenye farasi wakisafiri huwa nawapanda hao farasi nusu saa hivi wasikakamae miguu, na kwa kila farasi nitakayempanda bosi ananiongezea hela kidogo.

Nimejifunza kuruka viunzi hapo hapo, mwalimu akaniambia niingie shindano la mwezi ujao. Kufungua fomu, nikachoka. Kuna watoto wa kikuku kifupi (wadogo wanaoanza), kuna vijana, kuna watu wazima wa ridhaa, kuna wa ridhaa wenye farasi wao, kuna daraja la wazi, na kila moja limekatwa tena kwa umri na kwa urefu wa viunzi. Nikachagua watu wazima wa ridhaa, viunzi vya futi 2 na inchi 6, maana ndicho kiwango changu. Bosi akanikatalia. Anasema kwa kanuni mimi ni mpanda wa kulipwa, niende daraja la wazi pamoja na makocha.

Sijawahi kushinda hata utepe wa kijani wa nafasi ya sita. Na humo kwenye ridhaa kuna mama mmoja anayeruka tangu utotoni, ana farasi wake na kocha wake. Huyo ni wa ridhaa, mimi ni wa kulipwa. Kigezo ni nini hasa: uwezo, umri, pesa au kumiliki farasi?

#2 Kipanga77
Natandika mkeka hapa, wataalamu waje.

#3 MamaShani_KY
Kigezo ni pesa, mdogo wangu, na bosi wako yuko sahihi. Nipo Kentucky, wanangu wamekulia kwenye mashindano haya.

Chama kikuu cha hapa ni USEF, makao yake Lexington. Kanuni yao ya ridhaa ni GR1306, na imeanza kwa kusema kwamba ustadi wako na mataji yako hayahusiki. Wewe ni wa ridhaa ikiwa tangu utimize miaka 18 hujapokea malipo kwa kupanda, kuonyesha, kufunza farasi au kufundisha watu kupanda. Ukipokea, hata kidogo, umeshavuka upande wa pili. Ile nyongeza ya bosi kwa kila farasi ndiyo iliyokuvusha.

Kutoa mbolea na kulisha hakuna tatizo. Saisi (mtunza farasi), mpiga kwato, daktari wa mifugo, muuza matandiko, mzalishaji, msafirishaji wa farasi, mtangazaji wa uwanjani, hata jaji, wote wanaweza kulipwa na wakabaki wa ridhaa.

#4 Dogo_Bandari
#3 hapo sijakuelewa bi mkubwa. Jaji, anayejua mchezo mpaka anatoa alama, ni wa ridhaa, lakini dada wa watu anayenyoosha farasi miguu ni wa kulipwa? Hii haki iko wapi?

#5 MamaShani_KY
#4 Kwa USEF ndivyo ilivyo. Ukienda AQHA, chama cha farasi aina ya Quarter kilichopo Amarillo, Texas, mambo ni mengine. Wao wana kadi yao ya ridhaa na tafsiri yao. Usibebe kanuni ya chama kimoja ukaipeleka kwa kingine.

#6 Mzee wa Hatamu
Nawasalimu. Naona mnachanganya mambo mawili, daraja na hadhi. Daraja ni kapu unaloingia siku ya shindano. Hadhi ni kitu unachotembea nacho mwaka mzima. Ridhaa ni hadhi. Madaraja ndiyo yanayotumia hadhi hiyo pamoja na umri, umiliki, urefu wa viunzi na historia yako au ya farasi.

Kwa mfano mchezo wa hanta, pale jaji anapotazama mtindo wa farasi, ulaini wake na namna anavyokunja magoti hewani. Watu wazima wa ridhaa wanaruka futi 3, na mara nyingi wanagawanywa umri wa 18 hadi 35 na 36 kwenda juu. Wa ridhaa wenye farasi wao wanaruka futi 3 na inchi 3 au futi 3 na inchi 6, yaani kama mita 1.07, na farasi sharti awe wa mpanda mwenyewe au wa familia yake. Huwezi kuazima farasi wa rafiki ukaingia humo. Futi 2 na inchi 6 uliyotaka wewe, Binti, ni ngazi ya chini ya watu wazima, lakini bado ni ya ridhaa.

Halafu kuna madaraja ya farasi mbichi, na hayo watu wanakosea sana kuyasoma. Ubichi ni wa farasi. Mpanda anaweza kuwa bingwa wa miaka yote, ilimradi farasi aliye chini yake ni mgeni wa viunzi.

#7 LijamuTupu
Nyongeza kwa #6. Wa ridhaa haruhusiwi kupokea zawadi ya fedha hata akishinda. Anaondoka na utepe tu.

#8 Mzee wa Hatamu
#7 Hapana kijana. Zawadi ya fedha ni ya mwenye farasi. Kama mpanda wa ridhaa ndiye mwenye farasi, anaichukua kwa mikono miwili na kadi yake inabaki salama. Asichoruhusiwa ni mwenye farasi mwingine kumlipa ili ampandie.

#9 Kipanga77
Kumbe ukiwa na hela unaruhusiwa kupata hela. Tuendelee.

#10 SaisiNgong
Mie niko Nairobi, kazi yangu ni farasi tangu ujana. Niseme ukweli wangu bila kuficha. Saisi ndiye anayemjua farasi. Asubuhi baridi farasi akiwa na kiburi, nani anapanda kwanza amtoe ule wazimu? Ni saisi. Mwenyewe akifika saa nne na glavu zake, farasi tayari amepoa, anakwenda matiti, yaani mbio ndogo, kama maji.

Sasa mkisema huyo saisi ni wa kulipwa kwa hivyo ashindane na makocha, na yule aliyeletewa farasi akiwa ametulia ndiye wa ridhaa, mnalinda nani? Hiyo kanuni iliandikwa na wenye farasi. Dada yetu wa #1 amenigusa kwa sababu najua ile nusu saa anayoisema. Nusu saa hiyo ndiyo kazi yenyewe.

#11 Mwl_Farasi_Ontario
#10 nakuheshimu mkuu lakini tazama upande wa pili. Nafundisha kupanda, kwa hiyo mimi ni wa kulipwa bila mjadala. Kwa siku napanda farasi wengi, wa tabia zote. Mama wa ofisini anapanda jioni akishatoka kazini, farasi mmoja, siku mbili tatu kwa wiki. Ukiniweka naye daraja moja nitamfagia kila Jumapili, na baada ya msimu mmoja atakaa nyumbani. Kanuni inapima saa za kukaa kwenye tandiko, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuhesabu hizo saa, wanahesabu malipo badala yake. Anayelipwa ndiye anayepanda zaidi.

#12 Dogo_Bandari
#11 na tajiri asiye na kazi anayepanda kutwa nzima? Naye saa zake nyingi.

#13 Mwl_Farasi_Ontario
#12 huyo kanuni haimshiki, kweli. Kila kanuni ina tundu.

#14 Mtetezi wa Wanyonge
Tundu gani, hiyo ni geti. Tuongee biashara. Uwanja wa mashindano unaendeshwa na ada: ada ya kuingia kila daraja, banda la kumweka farasi, ya ofisi. Nani analipa ada hizo kwa wingi? Wa ridhaa. Makocha wachache, wateja wao wengi. Ukiwa mwandaaji, utagawanya madaraja mpaka kila mteja apate mahali pa kupatia utepe wa buluu wa nafasi ya kwanza, arudi mwezi ujao. Ndiyo maana wana 18 hadi 35, kisha 36 hadi 50, kisha zaidi ya 50. Hiyo ni hesabu ya duka.

Na farasi wa mteja huyo wa ridhaa, wiki nzima kocha anampanda. Anamwingiza daraja la wazi katikati ya wiki kwenye shindano lile lile, anamnyoosha, Jumamosi mwenyewe anakaa juu. Inaruhusiwa kabisa.

#15 MamaShani_KY
#14 mgawanyo wa umri nautetea. Nina miaka 50 na kitu. Nikianguka sidundi kama binti wa 20. Kushindana na rika langu si kununuliwa utepe. Hata AQHA wana kundi lao la miaka 50 na zaidi, na humo kuna wapanda wakali mno.

#16 Mwanalamu
Huku kwetu Lamu punda hana daraja la ridhaa wala la wazi. Siku ya mashindano kijana anapanda bila tandiko, mkono mmoja kwenye shingo, wanapita ufukweni mpaka mwisho. Wa kwanza ndiye bingwa.

#17 SaisiNgong
#16 na yule kijana kutwa nzima anabebesha punda mchanga na matofali kwa malipo. Kwa kanuni ya Marekani Lamu nzima ni wa kulipwa!

#18 Mwanalamu
#17 Basi tuleteeni makocha wenu waje washindane na sisi kwenye daraja la wazi.

#19 Wakili_Mlimani
Turudi kwenye mada. Binti_Rufiji, kabla ya yote uliza kama shindano lenyewe lina leseni ya USEF. Mashindano mengi madogo ya mitaani hayana, na waandaaji wanajiwekea kanuni zao. Soma kitabu cha shindano, pale wanapoeleza maana ya kila daraja. Ukikuta wameandika kwamba kanuni za USEF zitatumika, bosi wako kashinda hoja. Ukikuta wameandika kwa mfano "asiyefundisha", wewe hufundishi, unaingia.

Pia kadi ya ridhaa inatolewa kwa tamko unalolisaini mwenyewe. Ukisaini huku unajua ulilipwa kupanda, mpinzani akiweka pingamizi na likathibitika, unarudisha utepe na zawadi na unaweza kuadhibiwa. Usikubali mtu akuambie "weka sahihi tu, hakuna anayejua". Zizini kila mtu anajua.

#20 Binti_Rufiji
Asanteni sana, nasoma zote. #19 nimekisoma kitabu. Wanasema kanuni za USEF zinatumika, ingawa lenyewe ni shindano la chama cha hapa hapa. Je, nikiacha kupokea ile nyongeza kuanzia leo?

#21 Wakili_Mlimani
Haifutiki siku hiyo hiyo. Kwa USEF unakaa mwaka mzima bila kufanya lolote la kulipwa, kisha unaomba kwa maandishi urudishwe ridhaa. Na angalia mtego: ukiacha nyongeza lakini ukaendelea kulipwa mshahara wa zizi na kuwapanda farasi wa wateja wa bosi huyo huyo, bado watauliza kama kupanda ni sehemu ya kazi yako. Kuliita posho au shukrani hakubadilishi kitu. Kanuni hizo zilifumuliwa zikaanza upya tarehe 1 Desemba 2022, kwa hiyo maelezo ya zamani mtandaoni yasome kwa tahadhari.

#22 LijamuTupu
Hiyo Desemba ni tarehe ya nini? Mimi najua umri wa mpanda unahesabiwa tarehe 1 Januari.

#23 MamaShani_KY
#22 Januari ni AQHA. USEF mwaka wao wa mashindano unaanza 1 Desemba unaisha 30 Novemba, na umri uliokuwa nao siku ile ya kwanza ndio utakaoutumia mwaka mzima. Mwanangu wa kwanza alitimiza 18 katikati ya msimu akaendelea na vijana mpaka Novemba. Wa jirani yetu kazaliwa siku chache kabla ya 1 Desemba, basi yeye msimu mzima alihesabiwa mkubwa, akaingia na watu wazima huku wenzake wa darasani wakiwa bado vijana. Alilia yule mtoto. Alikuwa amebakiza fainali moja ya vijana aliyoitamani tangu akiwa kwenye poni.

Na AQHA kijana ni wa miaka 18 na chini, ridhaa inaanza 19. Kwa hiyo mtu mmoja, juma moja, anaweza kuwa kijana huku na mtu mzima kule.

#24 Mpenda_Historia
Nimechelewa lakini hamjagusa chimbuko. Hadhi ya ridhaa kwenye farasi ilitoka kwa maofisa wa jeshi na waungwana. Olimpiki ya London 1948, Sweden walishinda dhahabu ya timu ya dresaji, mchezo wa farasi kufuata hatua kwa mpangilio mbele ya majaji. Mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini, na dresaji wakati huo ilikuwa ya maofisa pekee. Alipandishwa cheo kwa ajili ya michezo, baada ya michezo akarudishwa chini. Ilipogundulika, 1949 dhahabu ikanyang'anywa. Alama alizopata uwanjani hazikumsaidia. Kilichomponza ni cheo.

Kwa hiyo #10 uko karibu na ukweli kuliko mwalimu wa #11. Mstari uliwekwa kutenganisha watu wa tabaka, saa za kwenye tandiko ni maelezo yaliyokuja baadaye.

#25 LijamuTupu
Dhahabu wakapewa Denmark, siyo?

#26 Mpenda_Historia
Ufaransa. Denmark unaikumbuka kwa Lis Hartel. Helsinki 1952 milango ilipofunguliwa kwa raia na wanawake kwenye dresaji, yeye alichukua fedha ya mpanda mmoja mmoja, miguu ikiwa imepooza chini ya magoti kwa polio. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Na Persson huyo huyo alirudi Helsinki na Sweden, wakachukua dhahabu ya timu bila mtu kumuuliza cheo.

#27 Mwl_Farasi_Ontario
#24 historia nzuri, lakini ya Olimpiki. Leo Olimpiki ya farasi haina ridhaa, wa kulipwa ndio wanaoijaza. Kanuni ya Marekani imebaki kwa sababu wapanda wa ridhaa wenyewe wanaitaka. Jaribu kuifuta uone nani atapiga kelele kwanza.

#28 Mtetezi wa Wanyonge
#27 umerudi kwangu. Wateja.

#29 Chuo_na_Farasi
Mimi nilipanda nikiwa chuo huku Marekani kupitia IHSA, umoja wa vyuo ulioanzishwa 1967. Kule wanagawanya kwa uwezo. Aliyeanza juzi anatembeza farasi na kwenda matiti tu, hakuna viunzi. Ukikusanya pointi unapandishwa, hata kama hutaki. Na huleti farasi wako. Mnachaguliwa farasi kwa kura, unapewa hatamu, unakaa juu, unaingia uwanjani. Hakuna kumzoea kwanza.

Nilipewa siku moja farasi mweusi mrefu, mtu wa zizi akaninong'oneza tu "usimguse mdomo". Maneno hayo mawili ndiyo kocha niliyekuwa naye. Pembeni yangu alikuwa msichana ambaye kwao wana mazizi mawili, na yeye kapewa farasi mzito asiyesikia kisigino. Hapo niliona mchezo wa haki. Kama kura inawezekana vyuoni, kwa nini isiwezekane kwa watu wazima?

#30 MamaShani_KY
#29 kwa sababu mtu aliyemnunua farasi wake anataka kumpanda huyo huyo. Nami ni mmoja wao.

#31 Maskati_Yetu
Salaam kutoka Oman. Huku Ghuba vijana wanapenda mbio za masafa marefu, na pale daktari wa mifugo ndiye anayekutoa: mapigo ya moyo ya farasi yasiposhuka kwenye kituo, safari imeishia hapo, uwe tajiri au mfanyakazi wa zizi. Dada Binti, badili mchezo.

#32 Dogo_Bandari
#31 dada wa watu ana shindano mwezi ujao, unamtuma jangwani!

#33 Mzee wa Hatamu
Wazo la kubadili mchezo si baya ila si lazima aende mbali. Binti, ndani ya uwanja huo huo tazama mchezo wa jampa. Kule jaji hatazami uzuri. Nguzo ikianguka ni makosa 4, saa inahesabu, basi. Daraja la wazi la viunzi vya chini, sentimita 80 hivi, limejaa watu wa kila aina, na kocha akiwemo mara nyingi yuko juu ya farasi mchanga anayemfundisha. Ukipita safi, umepita safi.

Pili, iventi, yaani dresaji, mbio za nyikani na viunzi kwa pamoja. Wana makundi yanayoangalia rekodi ya mpanda: huruhusiwi humo kama umeshamaliza mashindano ya ngazi za juu. Hapo hawaulizi nani alikulipa.

Tatu, kuna madaraja ya kuhesabu utepe wa buluu. La kwanza kwa ambaye hajawahi kuupata hata mmoja, la pili kwa ambaye hajafikisha mitatu, la tatu sita. Kwa hali yako ungeanza la kwanza.

#34 Wakili_Mlimani
#33 kwa hayo ya mwisho asome kichwa cha daraja. Mara nyingi yameandikwa ya vijana au ya ridhaa, na hapo anarudi pale pale.

#35 SaisiNgong
Naona mnamtafutia dada njia za pembeni. Nyongeza ya kumpanda farasi ni jasho lake. Asiache hela ili aitwe wa ridhaa. Aingie daraja la wazi, awaonyeshe.

#36 Mwl_Farasi_Ontario
#35 na mimi nasema asikimbilie. Mwaka ni mfupi. Amwombe bosi ampe kazi ambazo si za kupanda, kusuka farasi manyoya ya shingo kabla ya mashindano kwa mfano, saisi wanalipwa vizuri kwa hiyo na kadi haiguswi. Mwaka ukiisha anaomba ridhaa.

#37 SaisiNgong
Mwaka mzima bila kukaa kwenye tandiko? Wewe mwalimu hujui unachomwomba.

#38 Mwl_Farasi_Ontario
Sikusema asipande. Asilipwe kupanda. Apande farasi wa kukodi, alipe yeye.

#39 SaisiNgong
Kwa mshahara wa zizi?

#40 Binti_Rufiji
Nimewasikia wote. Nimemuuliza katibu wa shindano kuhusu jampa, anasema sentimita 80 iko wazi kwa kila mtu, na mwenye farasi mmoja kakubali niende naye. Sijaamua bado kuhusu ile nyongeza ya bosi. #33, kwenye jampa mpanda wa mara ya kwanza anaruhusiwa kutembea njia ya viunzi kwa miguu kabla ya kuanza?

#41 Mzee wa Hatamu
Wanaruhusu wote, na usiikose. Hesabu hatua zako kati ya kiunzi na kiunzi: hatua nne za binadamu ni kama hatua moja ya farasi akikimbia, na utoe nne za kutua na kuruka. Nenda na mwalimu wako mkazitembee pamoja. Farasi wako ana hatua ndefu au fupi?